Kamba ya mashua na ziwa lenye kusogea

Mashua ya tanga haifungwi gatini kwa kamba moja. Moja inatoka mbele, moja nyuma, na ingine mbili zinapita mshazari ili mashua isiteleze kwenda mbele ao nyuma. Kwenye chuma chenye pembe mbili, kamba inazunguka chini kwanza, kisha inapita mfano wa namba 8, mwisho inakazwa.

Ku Tanganyika maji hayapwi na kujaa kila siku kama Mombasa. Njo maana watu wengi wanafunga kamba fupi. Lakini mimi naona historia ya ziwa inatukatalia.

Mwaka 1874, Cameron alitoka Ujiji kwa mashua, akafika mahali mto Lukuga unatokea ziwani, pembeni ya Kalemie ya leo. Akakuta majani yameziba mto. Stanley naye akapita 1876 na mashua yake Lady Alice. Mto ulikuwa bado haujafunguka. Maji ya mvua yanaingia, njia ya kutokea hakuna: ziwa likazidi kupanda. Karibu 1878 kizuizi kikapasuka. Lukuga ikabeba maji mpaka Lualaba, na kufikia 1894 ziwa lilikuwa limeshuka karibu mita 10.

Mita 10 ni kama nyumba ya etaji tatu! Kule Ujiji, ufuko ambapo wafanyabiashara walikuwa wanafunga mashua za kuvuka kuja Kongo ulibaki nchi kavu. Hata leo mnara wa kukumbuka Livingstone na Stanley uko mbali na maji.

Mwaka 2024 ziwa likafanya kinyume. Likapanda, likaingia ndani ya nyumba za watu Kalemie na Uvira. Maji yakipanda, kamba fupi inavuta mashua upande moja mpaka inakunywa maji. Yakishuka, mashua inaning'inia gatini. Kwa hiyo kamba iachiwe nafasi na iangaliwe kila siku. Tena gati yenye kuelea inapanda na kushuka pamoja na mashua.

Wale kati yetu waliosomea ujenzi, siku mutapewa kazi ya bandari ku ziwa yetu, musichore kwa kipimo cha maji ya mwaka moja. Wekeni 1878, 1894 na 2024 juu ya meza moja, njo muanze kuchora.