Altamagneti: Kundi la tatu la usumaku

KWA miongo mingi, wanafizikia waligawa usumaku wa vitu yabisi katika makundi mawili makuu. Sasa limeongezeka la tatu, nalo huitwa altamagneti.

Kundi la kwanza ni feromagneti, mathalani chuma na nikeli. Humo kila atomi ni kama sumaku ndogo, na zote huelekea upande mmoja. Ndiyo sababu sumaku hunasa msumari.

La pili ni antiferomagneti, lililofafanuliwa katika miaka ya 1930 na Mfaransa Louis Néel, aliyetuzwa Nobel mwaka 1970. Atomi jirani huelekea pande zinazopingana, nguvu zikafutana, na msumari haunaswi.

Katika altamagneti pia nguvu hufutana. Tofauti ni kwamba mazingira ya kila atomi ndani ya fuwele yamegeuzwa yakilinganishwa na ya jirani yake. Kwa hivyo elektroni zenye spini ya juu na zenye spini ya chini hutengana katika viwango vya nishati, sifa iliyodhaniwa kuwa ya feromagneti.

Nadharia hiyo ilipewa jina na kufafanuliwa mwaka 2022 na Libor Šmejkal, Jairo Sinova na Tomáš Jungwirth, watafiti wa Mainz, Ujerumani, na Prague, Jamhuri ya Czech. Februari 2024, vipimo vilivyofanywa Uswisi viliidhihirisha katika manganizi teluraidi. Hata hivyo, oksidi ya rutheniamu, iliyosifiwa mapema, ingali inabishaniwa.

Faida yake ni ipi? Diski za kompyuta huhifadhi habari kwa sumaku ndogo mno. Feromagneti zikisongamana huvurugana. Antiferomagneti hazivurugani na hugeuka upesi, lakini ni vigumu kuzisoma. Altamagneti huenda zikaunganisha ubora wa pande zote mbili, ingawa kazi hiyo ingali katika maabara.

Msomaji wa Kwanza, Kitale au Bungoma asidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Madini haya hutabiriwa kwanza kwa kukokotoa miundo ya elektroni kwenye kompyuta. Mwaka 2012, mafunzo ya Afrika kuhusu ukokotozi huo, yajulikanayo kama ASESMA, yalifanyika mjini Eldoret. Asiye na maabara ya mamilioni anaweza kuanzia hapo.