Kidimu wawili hawafai kupandishwa

Kuku kidimu, yule ambaye manyoya yake hujipinda kuelekea juu na mbele badala ya kulala mwilini, si mgonjwa wala hajanyeshewa. Amerithi tu jeni tofauti na ya wenzake. Mnamo 2012 watafiti walibainisha kuwa ni jeni ya keratini iitwayo KRT75. Ikiwa na hitilafu, uti wa unyoya hudhoofika na kupinda.

Mfugaji anayevutiwa na umbo hilo hushawishika kumpandisha tetea kidimu na jogoo kidimu, akitarajia vifaranga wote wafanane na wazazi wao. Hapo ndipo hasara huanzia. Kwa kawaida kila mzazi huwa na nakala moja ya jeni hiyo na nyingine isiyo na hitilafu. Kwa wastani, katika kila vifaranga wanne, mmoja atakuwa na manyoya ya kawaida, wawili kidimu, na wa nne atarithi nakala mbili zenye hitilafu. Huyo manyoya yake huwa membamba, hukatika ovyo na kumwacha karibu uchi. Hupoteza joto upesi na hula sana ili kulifidia, hivyo kumlea kwenye baridi ya Limuru ni kazi ngumu.

Afadhali kidimu apandishwe na kuku wa kawaida. Takriban nusu ya vifaranga watakuwa kidimu, na hakuna atakayebaki uchi. Isitoshe, kidimu mwenye nakala moja hupunguza joto la mwili kwa urahisi, jambo lenye manufaa Pwani.

Kifaranga hatambuliki anapoanguliwa, kwani malaika yake ni ya kawaida. Asubiriwe hadi manyoya ya mabawa yachipuke, ncha zikipinda.