Doti, Frasila na Lumbesa: Lugha ya Soko Katika Njia ya Mbalizi

Msomaji wa Visiwani akitajiwa Mbalizi huenda asijue auelekeze uso wapi. Ni mji wa soko, kilomita chache magharibi ya Jiji la Mbeya, katika barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Hapo huchipuka njia ya kupanda Umalila, na nyingine ya kuteremkia Galula. Wenyeji ni Wasafwa. Wamalila hushuka na viazi na pareto, Wanyiha hutoka upande wa Mbozi, Wanyakyusa huja na ndizi za Rungwe na mchele wa Kyela. Katika siku moja ya soko zaweza kusikika lugha nne au tano, na zote zikifika kwenye bei hugeuka Kiswahili. Kiswahili hicho kilifikaje huko, na kilipofika kilimfaa nani?

Kabla ya mwalimu na askari kulikuwa na pembe za ndovu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliyaandika maisha yake kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapa kwa hati za Kirumi mwanzoni mwa karne ya 20. Humo hutajwa safari za nyanda hizo za kusini, Uhehe, Ubena na Urori, katika miaka ya 1860. Urori ndilo jina walilolitumia wapwani; wenyewe huiita nchi yao Usangu. Tazama basi: hata jina la nchi lilipita kwanza katika kinywa cha mgeni, na kwa muda mrefu ndilo lililoandikwa kwenye ramani.

Mgeni huyo alikwenda na mkalimani, na alikwenda na vipimo. Nguo ilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti, na juu yake kuna jora. Lakini mkono wa nani? Mkono wa mtu mrefu si mkono wa mtu mfupi, na mwenye akili alijua ni yupi wa kumwita apime. Nguo yenyewe ikiitwa merikani, kwa kuwa ilitoka viwanda vya Marekani, nchi iliyofunga mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipoikatiza pamba hiyo, nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikaingia mahali pake, na jina likabaki lile lile. Wafanyabiashara hawapendi kubadili neno ambalo mnunuzi amekwisha kuliamini.

Pembe nayo ilikuwa na lugha yake. Huku kwetu ikiuzwa kwa frasila, uzito wa ratili 35, yaani kama kilo 16. Msafiri alipokaa barazani kwa mtemi wa bara alikuwa na hesabu mbili kichwani: ya doti atakazozitoa pale, na ya frasila atakazozipokea Unguja. Mwenyeji alikuwa na ile ya kwanza tu. Wako wanaoisifu biashara ile kwa kukieneza Kiswahili, na sifa hiyo siikatai. Ila lugha ilienea haraka kuliko habari ya bei, na faida ilikaa katika pengo hilo.

Merere, mtemi wa Wasangu, alijua thamani ya kuwa na wapwani karibu. Baada ya vita na Wahehe katika miaka ya 1870 alihamia Usafwa, akajenga ngome Utengule, si mbali na Mbalizi ya leo. Wamishenari wa Kimoravian nao wakafungua kituo hapo mwaka 1895. Hawa walishika njia nyingine: walijifunza lugha za wenyeji. Traugott Bachmann wa Mbozi alifasiri Agano Jipya kwa Kinyiha kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Serikali ya Kijerumani kwa upande wake iliamrisha kwa Kiswahili. Hivyo mtu wa nyanda zile akawa na lugha ya kusali na lugha ya kuuzia, na kila moja ikajua mipaka yake.

Vipimo havikukoma kuzaa maneno. Bati la mafuta ya taa likawa debe. Kopo la rangi la lita nne likawa sado, na wauzao maharage kwa sado hawaikumbuki rangi. Kisha ikaja lumbesa. Miaka mingi nimeshughulika na tafsiri na sijapata neno la kigeni linalolitosha. Ni gunia lililojaa hadi mdomo, kisha likaongezwa kichuguu juu na kufumwa kwa kamba, lakini likauzwa kama gunia moja. Sheria ya Vipimo hairuhusu gunia lizidi kilo 100, na viongozi wamelikemea jambo hili mara nyingi. Mkulima husema gunia, mnunuzi husema gunia, na kila mmoja anasema kitu chake.

Simu ya mkononi imeugeuza upande mmoja wa kadhia hii. Tangu miaka ya 2000, na zaidi baada ya M-Pesa kuanza nchini mwaka 2008, mkulima wa Umalila aweza kumpigia ndugu yake aliyeko Dar es Salaam na kumwuliza, kwa Kimalila, viazi vimelala bei gani. Dalali kasimama pembeni, asikia sauti, haambulii neno. Kisha mkulima huikata simu, humgeukia, na humsemesha kwa Kiswahili safi. Zamani mwenye lugha mbili alikuwa msafiri. Sasa ni mwenye shamba. Bei ameijua. Wakaipatana, wakapeana mikono, na vijana wakaanza kuyafuma magunia vilemba kabla hayajapakiwa kwenye lori.