Seti Kamili Chini ya Mlima Meru

Tarehe 2 Septemba 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Arusha ghorofa la makao makuu ya Umoja wa Posta Afrika, PAPU. Umoja huo uliundwa Arusha tarehe 18 Januari 1980, na tangu hapo mambo ya barua na vifurushi vya bara zima yamekuwa yakijadiliwa chini ya Mlima Meru. Ni heshima kubwa kwa mji ambao enzi za Mjerumani ulipata barua zake kwa miguu ya matarishi. Hata reli kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, mzigo wa Arusha ulishushwa hapo ukamalizia safari kwa njia ya vumbi, na treni haikufika Arusha yenyewe hadi miaka ya 1920 ilipokuwa ikiisha. Historia hiyo imo vitabuni, lakini imo pia kwenye vikaratasi vidogo vyenye meno pembeni, na wanaoisoma kwa makini zaidi ni wakusanyaji wa stempu.

Kwa ukusanyaji wa aina hiyo, Wamarekani wana kadi za besiboli. Seti ya kampuni ya Topps ya mwaka 1952 ina kadi 407, na anayekosa moja bado hana seti. Kadi za fungu la mwisho zilitoka msimu ukielekea ukingoni, wanunuzi wakawa wachache, masanduku yakalundikana ghalani, na mwaka 1960 kampuni ikayapakia kwenye tishari na kuyamwaga katika Bahari ya Atlantiki. Mwaka 2022 kadi moja ya fungu hilo, namba 311 ya Mickey Mantle, iliuzwa kwa dola milioni 12.6.

Arusha haikuwa na besiboli, ila bahasha zilikuwa tele. Palikuwa na wamisionari wa Kilutheri, walowezi wa Kigiriki na Makaburu, wafanyabiashara wa Kihindi, mashamba ya kahawa na, baadaye, ofisi za kimataifa. Wote hao waliandikiwa barua kutoka mbali. Mwanafunzi wa miaka ya 1970 mwenye rafiki wa kalamu, au mwenye mjomba aliyeshika ufunguo wa sanduku la posta la ofisi, alikata kona ya bahasha, akailoweka katika maji ya vuguvugu mpaka gundi ikaachia, kisha akaianika stempu juu ya gazeti. Aliyekuwa nazo mbili za aina moja alibadilishana na mwenzake. Kanuni ya mchezo ilikuwa ile ile ya kadi: ukurasa wenye pengo haujaisha.

Ukurasa wa kwanza wa albamu ya eneo hili ni wa Mjerumani. Posta yake ilifunguliwa Dar es Salaam na Bagamoyo mwaka 1890. Mwaka 1893 zikaja stempu za Ujerumani zilizogongwa juu yake thamani kwa pesa, kwa kuwa siku hizo rupia moja ilikuwa sawa na pesa 64. Zikafuata zenye picha ya Hohenzollern, meli ya anasa ya Kaisari, picha ile ile iliyotumika katika makoloni yake yote. Mwaka 1905 pesa zikafutwa, rupia ikagawanywa kwa heller 100, na stempu zikachapwa upya kwa hesabu mpya. Mkusanyaji akishaitazama picha huhamia kwenye muhuri. Stempu yenye neno “Aruscha”, kwa tahajia ya Kijerumani, likisomeka vizuri, hutafutwa kuliko ndugu yake iliyogongwa muhuri wa Dar es Salaam, kwa sababu barua zilizotoka huku bara zilikuwa chache mno.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, na hapo ndipo albamu inapopata utamu wake. Meli za Uingereza zilifunga bahari na akiba ya stempu ikapungua. Wajerumani wakageukia kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni ya Vuga, kule Usambara, ambacho kilizoea kuchapa vitabu vya dini na masomo. Mwaka 1916 kikachapa stempu za heller 2½, heller 7½ na rupia 1. Kabla hazijaenea, meli iliyopenya kizuizi cha Waingereza ikaleta stempu za kawaida, na zile za Vuga zikakosa kazi. Ili adui asizipate, sehemu kubwa ilifukiwa ardhini. Mwaka 1921 zilifukuliwa, zikapelekwa Berlin na kuuzwa, nyingi zikiwa zimekwisha kuharibiwa na unyevu. Wakusanyaji wa dunia huziita kwa jina la kijiji hicho hadi leo, wakiliandika kama Mjerumani alivyoliandika: Wuga. Za Topps zilizama, hizi zilirudi juu, na ni fahari ya kweli kwamba mojawapo ya stempu zinazozungumzwa sana katika makoloni yote ya Ujerumani ilitoka kwenye mashine ya misheni katika milima ya Tanzania.

Waingereza nao walikuwa na haraka yao. Walipoiteka Mafia Januari 1915 waligonga jina la kisiwa juu ya stempu za Kijerumani walizozikuta huko. Machi 1916 waliingia Moshi na Arusha, na mwaka uliofuata zikatolewa stempu za Afrika Mashariki na Uganda zilizogongwa herufi tatu, G.E.A., yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa Kiingereza. Ilipofika 1922 nchi ilikuwa na jina jipya, Tanganyika, na stempu zake zenyewe zenye kichwa cha twiga. Mfalme hakuwekwa. Ni seti nzuri kwa macho, lakini humtesa anayetaka kuimaliza, kwani inapanda kutoka senti chache hadi pauni moja, na katika miaka ile ni nani Arusha aliyebandika pauni nzima kwenye barua?

Swali hilo ndilo linalotenganisha mkusanyaji na mpenda picha. Stempu za thamani kubwa zilinunuliwa zaidi kwa ajili ya kodi na hati kuliko kwa barua. Kenya na Uganda zilikwenda mbali zaidi katika miaka ya 1920, zikitoa stempu hadi ya pauni 100. Katalogi za Uingereza kwa kawaida huifunga seti hiyo kwenye pauni moja, na zile kubwa huorodheshwa peke yake. Kwa hiyo ukamilifu wa seti ni makubaliano ya watu, na anayeyakataa ajiandae kutoa fedha nyingi.

Mwaka 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zikaanza kutumia stempu za pamoja. Seti ina stempu 14: korongo, simba, daraja la Jinja, Ziwa Naivasha, Mlima Kenya na, kwenye senti 15 na shilingi 2, Kilimanjaro. Ugumu umejificha kwenye jahazi la Ziwa Viktoria, katika stempu za senti 5 na senti 50. Kwenye baadhi ya nakala kamba ya tanga imelifikia tanga. Kwenye nyingine imeachana nalo kwa nafasi isiyoonekana bila kioo cha kukuzia. Bamba la kuchapia lilirekebishwa, basi. Lakini aliyeapa kukamilisha huzitaka zote mbili.

Stempu hizo za pamoja, sasa zikiwa na sura ya Mfalme George VI, ndizo zilizokuwa dirishani mwishoni mwa 1951, Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Mfalme alifariki Februari mwaka huo huo, binti yake akiwa ziarani Kenya, lakini sura ya baba ilibaki kwenye stempu za kila siku hadi zile za Malkia zilipotoka mwaka 1954. Bahasha yoyote ya miaka hiyo yenye muhuri wa Arusha ni ushahidi wa wakati ambao Meru nzima inaukumbuka.

Uhuru ulileta rangi. Seti ya Desemba 1961 ina stempu 12 zilizoandikwa Uhuru, na mwenge juu ya Kilimanjaro umo. Zanzibar, siku chache baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, posta iligonga kwa mkono maneno “Jamhuri 1964” juu ya stempu za Sultani. Baadaye kazi hiyo ikafanywa kwa mashine Uingereza. Za mkono ndizo tamu na ndizo hatari, kwa kuwa muhuri wa mpira hughushiwa kirahisi. Julai mwaka huo ikatoka seti ya Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Iliuzwa bara tu, ingawa majina yote mawili yalikuwa juu yake.

Kwa Arusha, ukurasa wa maana kuliko yote ni ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi rasmi Desemba 1967 ikiwa na makao makuu mjini hapo. Posta ya pamoja iliikaribisha kwa stempu moja ya shilingi 5. Kwenye seti za kumbukumbu za miaka hiyo majina ya nchi yalipokezana: stempu moja ilianza na Kenya, ya pili na Uganda, ya tatu na Tanzania, asiwepo wa kulalamika kwamba daima yu nyuma. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na kila nchi ikaenda na posta yake.

Seti hizo hazina bei kubwa, kwa sababu zilichapwa kwa wingi. Zinastahili kutafutwa kabla ya zile za miaka ya 1990 zenye dinosaria na wanamuziki wa Marekani, ambazo zilichapwa zaidi kwa ajili ya albamu za ng'ambo na wachache Tanzania waliwahi kuzilamba. Kilicho kigumu ni kuzipata zikiwa zimesafiri: stempu ikiwa bado imeshikamana na bahasha yake, ikiwa na muhuri wa Arusha unaosomeka na tarehe ya kati ya Desemba 1967 na mwaka 1977. Nyingi ziliishia kwenye bakuli la maji ya vuguvugu. Zilizobaki huenda bado zimo ndani ya mafaili ya ofisi na masanduku ya mabati ya familia, kuanzia Sekei hadi Usa River.