Walimu saba, kengele na lugha ya Logo

Leo sibandiki msimbo wowote. Nina hadithi ya kale kidogo, na sisi tunaoandikia shule programu inatuhusu.

Logo ilizaliwa mwaka 1967 huko Marekani. Wengi tunaijua kwa yule kobe anayechora, lakini Logo iliimba pia! Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mpiga piano Jeanne Bamberger alijiunga na maabara ya Logo katika chuo cha MIT. Hakumpa mwanafunzi noti moja moja. Alimpa vipande vifupi vya wimbo. Unaita kipande, unakisikiliza, unapanga na kupangua mpaka wimbo ukae sawa. Wenzangu wa programu mtaelewa: ni kama kuita vijiprogramu vidogo ndani ya kubwa.

Je, mwalimu naye? Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, Bamberger na Eleanor Duckworth walikaa na walimu saba wa shule za msingi. Hawakuanza na tarakilishi. Walimu walijenga nyimbo kwa kengele za Montessori, ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha. Sharti utumie sikio. Pia walitazama video. Mvulana mmoja anamwelekeza mwenzake apange maumbo ya rangi, kizuizi kiko katikati yao. Yule wa pili anaharibu kabisa. Walimu wakasema, huyu hasikilizi maagizo.

Kumbe wa kwanza alikuwa ametaja mraba wa kijani, na miraba yote ilikuwa ya rangi ya chungwa! Kijani zilikuwa pembetatu tu. Waliporudia video, waliona kwamba mtoto yule alifuata kila agizo kwa akili nyingi. Hitilafu ilikuwa kwenye maagizo. (Ni mara ngapi tumemlaumu mtumiaji hivyo hivyo?)

Mambo ni yayo hayo mtoto anapochora mdundo wa makofi. Mmoja huchora makundi jinsi anavyoyasikia, mwingine hupima urefu wa kila pigo. Mwalimu aliyezoea noti humkosoa wa kwanza, ilhali wote wawili wamesikia kitu cha kweli.

Vipande vile vya Logo vilikuja kuwa programu iitwayo Impromptu, iliyotoka pamoja na kitabu cha Bamberger mwaka 2000. Mimi niliwahi kusaidia semina moja ya walimu kuhusu programu ya muziki. Saa tatu nzima tuliwaonyesha pa kubofya, na hakuna aliyetunga hata mstari mmoja wa wimbo.