Askofu Ndingi na Lawama za Wakati Wake



Kwaya yetu inapotimiza miaka 50, ni vyema tumkumbuke mchungaji aliyekuwa askofu wetu tulipoanza: Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki. Alizaliwa mwaka 1931 huko Mwala, Machakos, akapewa upadre mwaka 1961. Mwaka 1969 alikuwa askofu wa kwanza wa Machakos, na mwaka 1971 akateuliwa kuliongoza Jimbo la Nakuru. Alikaa nasi hadi mwaka 1996.

Mtihani wake mkubwa ulianza Oktoba 1991, mapigano ya kikabila yalipozuka katika shamba la Meteitei, Nandi. Mwaka 1992 moto ulikuwa umefika Molo na Olenguruone. Nyumba zilichomwa, na viwanja vya makanisa vikageuka makao ya akina mama na watoto. Kufikia mwaka 1993, shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba watu wapatao 1,500 walikuwa wameuawa na 300,000 kufukuzwa makwao.

Serikali ilisema hayo ni matunda ya siasa za vyama vingi. Askofu Ndingi na maaskofu wenzake walisema hadharani kwamba kuna wakubwa wanaoyachochea. Wanasiasa wa KANU wakamshambulia, wakidai kanisa linaingilia siasa. Yeye alikuwa Mkamba. Angeweza kusema vita hivyo havimhusu, akanyamaza. Hakunyamaza, kwa sababu waliofukuzwa walikuwa kondoo wake, na wengine walikuwa wamelala katika viwanja vya makanisa yake.

Mwaka huo huo wa 1992, kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku, Mbunge wa Changamwe, ilichunguza mapigano hayo. Wabunge hao walichaguliwa wakati KANU kilikuwa chama pekee, lakini ripoti yao iliwataja viongozi kuwa wachochezi. Bunge halikuipitisha. Hata hivyo, ilidhihirika kwamba maaskofu hawakuwa wamezusha.

Sisi wanakwaya hupenda kusema kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ni kweli, lakini si kila asemaye ni chura. Anayetulaumu pengine ameona kosa. Askofu Ndingi alisimama imara kwa kuwa alilolisema alilijua, na watu aliowatetea alikuwa nao. Ujasiri usio na msingi huo ni ukaidi tu.

Somo hilo lilitufikia Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoingia mjini Nakuru na waliohamishwa wakajaa uwanja wa maonyesho ya kilimo. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nikiimba alto. Baadhi ya waumini walitulaumu kwa mambo mawili: kwamba tunafanya mazoezi hadi giza linaingia, na kwamba tunaimba nyimbo za lugha fulani wakati watu wana uchungu. Wazee wa kwaya walikaa, wakasikiliza bila kujibizana. La kwanza walilikubali, mazoezi yakahamishiwa mchana. La pili walilikataa. Mmoja wao alisema tu, "Ndingi alilaumiwa kwa makubwa kuliko haya." Jumapili iliyofuata wimbo wa matoleo uliimbwa kwa lugha ile ile. Sauti zilitetemeka, lakini hakuna mwanakwaya aliyeketi, na hakuna aliyeihama kwaya kwa sababu ya kabila lake.

Askofu Ndingi alikuwa Askofu Mkuu wa Nairobi kuanzia mwaka 1997 hadi 2007. Alifariki tarehe 31 Machi 2020, makanisa yakiwa yamefungwa kwa sababu ya korona, nasi hatukuweza kwenda kumwimbia. Katika misa ya leo, wimbo wa matoleo utakuwa ule wa mwaka 2008. Wanaoujua watusaidie kuitikia, tumwimbie na yeye.

Katibu wa Kwaya