Boda Boda: Mji Mmoja, Serikali Mbili

Neno "boda boda" leo husikika Nairobi, Kampala na hata Dar es Salaam. Wengi hulitumia kwa pikipiki ya abiria bila kujua kwamba chimbuko lake ni mpaka wa Kenya na Uganda, katika miji ya Busia na Malaba. Historia ya neno hili ni historia ya majirani waliojenga maisha yao juu ya mstari wasiouchora.

Kabla ya mwaka 1902, Waingereza waliihesabu nchi hii yote, hata kufika Naivasha, kuwa sehemu ya Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo waliliingiza eneo la mashariki katika himaya yao nyingine, ambayo baadaye ikawa Kenya. Wasamia na Waiteso wakajikuta wamegawanywa, ndugu mmoja huku, mwingine kule. Harusi, matanga na siku za soko ziliendelea kuwakutanisha. Kilichotengana ni uongozi. Busia ya Uganda ilikuwa chini ya Wilaya ya Tororo hadi mwaka 1997, ilipopata wilaya yake. Busia ya Kenya ni makao makuu ya kaunti iliyoanza kazi mwaka 2013, chini ya Katiba ya 2010.

Baada ya uhuru, lango la nchi moja lilikuwa mbali na lango la nchi ya pili, mwendo wa takriban nusu maili. Msafiri aliyeteremka kwenye basi alilazimika kutembea na mizigo yake. Katika miaka ya 1960 na 1970, vijana waliiona riziki hapo. Walitandika mto juu ya keria ya baiskeli, wakawaita wasafiri: "Boda, boda!", yaani mpaka hadi mpaka, kwa Kiingereza kilichovikwa matamshi ya Kiswahili. Baadaye pikipiki ikairithi kazi na jina lake.

Tarehe 24 Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja, na lori hukaguliwa mara moja tu, upande wa nchi linayoiingia. Kwa mwenye mali, hiyo ni nafuu kubwa. Hata hivyo, foleni ya malori ilikuwa pia soko, kwa maana dereva anayengoja hula, hunywa chai na hulala. Foleni ikipungua, mwenye kibanda cha chakula hupungukiwa na wateja.

Hapa ndipo linapozuka suala la uraia. Mama anayeishi Busia ya Uganda huweza kuuza nyanya kila siku Busia ya Kenya. Ushuru wa soko huulipa Kenya. Kura huipiga Uganda. Panapojadiliwa paa la soko, choo au taa za barabarani, Kenya huita wananchi wake barazani, na Uganda huwaita wake katika halmashauri ya kijiji. Soko ni moja, vikao vya kisheria ni viwili.

Vijana wa baiskeli waliziba pengo la nusu maili bila kungoja amri. Pengo la vikao linahitaji madiwani wa pande zote mbili waketi pamoja na wafanyabiashara wanaolitegemea soko hilo.

Jadilini: Je, anayelipa ushuru katika mji asikopiga kura apewe sauti katika maendeleo ya mji huo? Kwa njia gani?